Mita Tatu za Mjomba

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi. Juu yake kuna bati la Mzee Rivasi, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye alilipigilia kwa mkono wake na hajawahi kutuacha tulisahau. Kushoto kuna jengo la ghorofa nne, kulia kuna ghala refu lisilo na dirisha, na mbele ni barabara iliyochunwa ngozi tangu wiki iliyopita, inasubiri lami. Kahawa ni ya Mama Birika, mwenye jiko lake pembeni na ulimi wake hapohapo. Mwenye ukuta, yule kinyozi, tunamwita Profesa kwa sababu husoma kila karatasi inayofungiwa kitu. Mimi ni Chaji, fundi simu, kijana pekee wa benchi na, bila kujisifu sana, ndiye mwenye kichwa. Shule niliachana nayo mapema. Walimu walitoa machozi, ingawa nasikia wengine yalikuwa ya furaha.

Siku hiyo mpira haukujadiliwa. Tulikuwa tumemzunguka Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, fundi bomba, aliyepiga magoti vumbini na jipiesi ya ofisi ya maji mkononi. Ni kidude kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kina kioo kidogo na vitufe vitano, kinapokea setilaiti na kukwambia umesimama wapi duniani. Ofisi ilimkabidhi asubuhi pamoja na fomu: aweke alama koki kumi na mbili za kufungia maji kwenye bomba kuu lililolala chini ya barabara hii na vichochoro vyake, maana kesho lami inamwagwa juu yake na mifuniko haitaonekana tena. Akiifanya kazi ikakubalika, anaajiriwa. Mjomba hajaajiriwa tangu binti yake wa mwisho akitambaa, na sasa binti anaruka kamba. Sharti lilikuwa moja tu. Kwenye kioo kuna namba ya mita, inayosema mashine inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani. Namba hiyo iwe tano au chini yake. Ikizidi, fomu inarudishwa.

Koki kumi na moja alikuwa amezimaliza. Ya kumi na mbili mfuniko wake uko chini ya bati letu, hatua moja kutoka jiko la Mama Birika. Ilikuwa saa nane mchana, ofisi inafunga saa kumi na nusu, na kioo kilisema mita thelathini na nane.

Profesa: Thelathini na nane mbona si mbaya.

Mjomba: Wanataka tano, Profesa. Nimesema mara ngapi?

Profesa: Basi ni saa ya chakula. Setilaiti zikifika saa nane zinapumzika, kama wafanyakazi wa ofisi yoyote.

Mama Birika: Nani anazipakulia?

Profesa: Zinakula jua. Nimesoma.

Mama Birika: Kwenye kitabu gani?

Profesa: Ilikuwa karatasi iliyofungiwa nyembe. Lakini ilikuwa na picha.

Mzee Rivasi alikuwa anasubiri zamu yake kwa ile sura ya mtu aliyezunguka dunia, yaani aliyezunguka barabara tatu kwa miaka thelathini.

Rivasi: Nyinyi mnapoteza muda. Hapo kinachotakiwa ni waya. Lori langu la pili redio yake ilikuwa imekufa kabisa, haikamati hata mluzi. Nikaichomekea henga ya shati. Kuanzia hapo nikawa napata mpaka stesheni za nchi ambazo watu wake wanaongea huku wanakohoa.

Mimi: Mzee wangu, hii si redio.

Rivasi: Inapokea au haipokei?

Mimi: Inapokea.

Rivasi: Basi ni redio. Profesa, lete henga.

Profesa akaingia kibandani, akatoka na henga iliyokuwa inabeba shuka la wateja. Mjomba, ambaye kwa wakati ule angeshika hata mkia wa paka kama ungesaidia, akaibana kwenye jipiesi. Tukainama wote, vichwa vimegusana. Arobaini na moja.

Rivasi: Mnaona, imesikia. Imepanda.

Mjomba: Mzee, sisi tunataka ishuke.

Rivasi: Basi geuza henga.

Nikaona wazee watamuua Mjomba wangu kwa presha, nikaingilia kati kitaalamu. Nikawaambia tatizo ni simu zao. Simu tano katika duara dogo hivi, kila moja inaita mtandao, mawimbi yanagongana kama mbuzi wanaotoka zizini. Zizimeni zote. Wakazima. Profesa alizima hata redio ya kibandani, na mteja aliyekuwa ndani amenyolewa nusu kichwa akauliza kama umeme umekatika.

Profesa: Hapana kaka, tulia. Tunamtafutia mtu kazi.

Tukainama tena. Thelathini na saba. Nikasema mnaona. Ikarudi thelathini na nane, nikasema nani amewasha.

Ndipo Mzee Rivasi aliponyanyuka kwenda kuchukua miwani yake aliyoisahau dukani ng'ambo ya barabara. Hakuwa amefika katikati, Mjomba akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto: Thelathini na mbili. Ishirini na tisa.

Mzee akarudi na miwani, akainama kutazama. Thelathini na saba.

Tulitazamana.

Mimi: Mzee Rivasi, hebu rudi nyuma kidogo.

Rivasi: Kwa nini?

Mimi: Rudi tu, hatua kumi.

Akarudi. Namba ikashuka. Akaja, ikapanda. Akarudi tena, ikashuka tena. Profesa akajipiga paja.

Profesa: Mguu. Si ana chuma mguuni, kile alichowekewa lori lilipompindukia? Kinazivuta setilaiti zinatoka njiani.

Mama Birika: Profesa, muogope Mungu.

Profesa: Mama, mimi sina ugomvi na mguu wake. Namba ndiyo inasema.

Mzee Rivasi alisimama katikati ya barabara ile ya vumbi akiwa ameshika miwani yake. Tumemtania miaka mingi na hurudisha kila neno na riba juu. Safari hii hakurudisha.

Rivasi: Chuma hiki nimetembea nacho miaka kumi na sita. Leo ndicho kinamnyima kijana kazi?

Mjomba: Mzee, hakuna aliyesema hivyo.

Rivasi: Mmesema. Sawa. Nakaa huku.

Akaenda kuketi juu ya jiwe ng'ambo, juani, mgongo umenyooka kama anaendesha. Mama Birika akamimina kikombe, akavuka barabara akampelekea, na aliporudi alitutazama mmoja mmoja mpaka Profesa akajifanya anapangusa mkasi.

Lakini namba ilikuwa ishirini na tisa, na ishirini na tisa si tano. Na kwa kuwa chuma kilishapatikana na hatia, tukaanza kutafuta washirika wake. Mkanda wa Profesa, wenye kifungo cha chuma. Funguo zangu. Bangili ya Mama Birika, ambayo alikataa kuivua, akasema hiyo amevalishwa na marehemu na setilaiti haikuwepo kwenye sherehe. Vyote vingine tukavitia kwenye ndoo na ndoo tukaipeleka mbali. Profesa akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja.

Mjomba: Thelathini na moja.

Profesa: Basi mimi nawaambieni ukweli sasa. Zinatuona. Zile zina macho. Huko juu zikitazama chini zikaona watu wanne wamezunguka kitu kimoja, zinajua kuna ugomvi, zinapita haraka zisije zikaitwa ushahidi.

Mama Birika: Na huyo uliyemwacha nusu kichwa, zikimwona zitasema nini?

Profesa: Zitasema anasubiri.

Mjomba alikuwa hacheki. Alikuwa ameitoa ile fomu mfukoni, ameikunjua juu ya goti, anaitazama mistari kumi na moja iliyojaa na mmoja mtupu. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, naye akainua karatasi isilowe. Mjomba ana mikono mikubwa ya kufungua bomba zilizoshika kutu, lakini karatasi ile aliishika kwa vidole viwili viwili.

Mjomba: Saa tisa kasorobo. Jamani, mstari mmoja.

Nikamshika bega. Nikamwambia Mjomba, achana na wazee hawa. Fanya kama nilivyokuelekeza asubuhi.

Maana ni lazima mjue, zile kumi na moja zilikuwa kazi ya kichwa changu. Asubuhi Mjomba alikwama kwenye koki ya kwanza kabisa, iliyo kwenye uchochoro wa duka la viatu, akanipigia simu. Nikaenda, nikaitazama ile jipiesi dakika mbili, nikaielewa. Nikamwambia: mashine hii inapenda uwazi. Usibanane nayo uchochoroni. Itoe nje, nenda penye mbingu pana, uwanjani au pale njia panda, subiri namba ishuke, halafu bonyeza na uandike jina la koki. Ofisi wanataka namba ndogo, wape namba ndogo. Na kweli, koki tisa zikawa mita tatu, mbili zikawa mita mbili. Mjomba alinikumbatia mbele za watu.

Mjomba: Nilitaka hii ya mwisho niipate hapahapa, mpwa wangu. Iko chini ya miguu yetu.

Mimi: Kwani zile kumi na moja zimelalamika?

Akainuka, akapita nyuma ya ghala kwenda uwanja wa mpira. Tukasubiri. Mama Birika akachochea mkaa. Dakika tano hazikuisha, tukamwona anarudi mbio, mtu mzima na tumbo lake, ameinua jipiesi juu.

Mjomba: Tatu. Mita tatu.

Kijiwe kikalipuka. Profesa akamkumbatia na suruali ikamshuka. Nikasimama juu ya benchi nikatoa hotuba fupi kuhusu elimu na vyeti, jinsi ambavyo vitu hivi viwili havijawahi kukutana. Nikampigia kelele Mzee Rivasi aje tusherehekee, akapunga mkono kwamba yuko sawa palepale.

Katikati ya shangwe hizo akaja mwanamke mmoja tusiyemjua. Alivaa fulana ya kung'aa ya watu wa barabara, viatu vya kazi, na vumbi lilimpaka mpaka kope. Ndiye anayeendesha rola, ile mashine ya kushindilia, iliyoegeshwa mwisho wa barabara. Tukamwita Dada wa Rola kabla hajaketi.

Dada wa Rola: Shikamooni wazee. Naomba kahawa moja, mama, isiyo na sukari.

Mama Birika: Marahaba mwanangu. Kaa hapo, mwambie huyo kijana ashuke kwenye benchi.

Dada wa Rola: Kuna harusi?

Nikamweleza. Nilimweleza yote, koki, fomu, mita tano, na hasa sehemu yangu. Akasikiliza huku anapuliza kahawa, kisha akanyoosha mkono akaomba kuiona jipiesi. Akabonyeza vitufe kama mtu aliyezaliwa nayo. Ramani ndogo ikatokea, na vidoti kumi na viwili.

Dada wa Rola: Baba, koki ya nne iko wapi?

Mjomba: Mbele ya cherehani, pale penye ngazi tatu.

Dada wa Rola: Hapa inaonyesha iko golini.

Mimi: Hiyo ni ramani tu, dada. Jina limeandikwa vizuri, Koki Nne.

Dada wa Rola: Na ya tano iko golini. Na ya nane. Na hii ya kumi na mbili ya sasa hivi iko golini. Nne golini, na hizi nyingine zimelundikana njia panda. Baba, ulipokuwa unabonyeza, ulisimama wapi?

Mjomba: Uwanjani. Kule inashuka vizuri.

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, masikini. Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayepapasa mfuko aliotia pesa na haukuti mfuko wenyewe.

Mimi: Lakini ni mita tatu.

Dada wa Rola: Ni mita tatu kweli. Mashine ina hakika kabisa kwamba mlikuwa golini.

Ndugu zangu, nimewahi kuchoma simu ya mteja mbele ya mteja. Nimewahi kuanguka kwenye benchi hili hili nikiwa naiga mtu, na huyo mtu yuko nyuma yangu. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale. Mashine haijui koki. Inajua ilipo yenyewe, basi. Mtoto wa chekechea angejua, na mimi nilimwambia Mjomba wangu, anayeniamini kwa sababu natengeneza simu, aihamishe.

Profesa akainua mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Profesa: Ngojeni. Ofisi inataka nini? Namba. Namba ipo? Ipo. Nani atakwenda kutazama vidoti? Mtu anapokea fomu, anaona tatu, tatu, mbili, tatu, anapiga muhuri. Mjomba ana kazi.

Mama Birika: Na koki?

Profesa: Koki zimelala chini miaka yote hiyo hazijaulizwa na mtu.

Nitasema na hili, ingawa haliniongezei sifa. Nilimuunga mkono. Nikamwambia Mjomba, peleka. Una saa moja na nusu. Fomu ni safi, haina hata alama ya jasho.

Dada wa Rola aliweka kikombe chini.

Dada wa Rola: Mimi kesho saa kumi na mbili asubuhi nashindilia lami hapa. Sentimita kumi. Siku bomba likipasuka, mtachimba wapi?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza mtu njia. Profesa akatazama ghala, mimi nikatazama viatu vyangu, na mkaa ukapasuka kidogo kwenye jiko.

Mjomba: Nilishawahi kuchimba koki iliyopotea.

Alisema akiitazama ile fomu, si sisi.

Mjomba: Nilikuwa kibarua. Bomba lilipasuka alfajiri, tukapewa karatasi inayosema koki iko hapa. Tukachimba hapa. Haipo. Tukachimba pale, haipo. Siku mbili. Maji yakaingia nyumba ya mama mmoja, akatoka na godoro kichwani linamwagika, akaniuliza, baba, nyinyi hamjui mlipoiweka? Mimi sikuwa nimeiweka mimi. Lakini aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sururu. Na ile karatasi ilikuwa safi vilevile.

Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni, akamgeukia yule dada.

Mjomba: Binti yangu, nifundishe. Inafanywaje?

Dada wa Rola: Wapima ardhi wetu hawana uchawi. Wanaiweka palepale penye kitu. Juu pawe wazi. Wanaiacha itulie, hata dakika tano, kumi, halafu wao wanakaa mbali. Hii inasikiliza tu, na setilaiti zinasikika kwa mbali sana. Bati linaziba. Ukuta unaziba. Na mtu anaziba, mwili wa mtu ni maji matupu. Nyinyi mmeifunika kama mnaota moto.

Sauti ikatoka ng'ambo ya barabara.

Rivasi: Mwili wa nani?

Dada wa Rola: Wa mtu yeyote, mzee. Hata mwembamba kama huyu.

Akanionyesha mimi. Mzee Rivasi akanyanyuka kwenye lile jiwe.

Rivasi: Si chuma?

Dada wa Rola: Chuma gani?

Rivasi: Cha mguuni. Nikirudi nyuma namba ilikuwa inashuka.

Dada wa Rola: Chuma cha mguuni kiko ndani ya mguu, mzee. Kinahusika nini na angani? Wangerudi nyuma wao, ingeshuka vilevile.

Mzee Rivasi alivuka barabara polepole, na nadhani alivuka polepole makusudi ili tupate muda wa kuona haya. Aliinua macho akalitazama bati lake.

Kila mtu aliyasoma macho yale. Bati lile aliwahi kukataa kuliazimisha msibani. Kuna mwaka alilala hapa siku mbili kwa sababu upepo ulitaka kulichukua.

Rivasi: Profesa, funga suruali yako ulete nyundo.

Mama Birika: Mzee, jua hili?

Rivasi: Mama, koki iko chini ya kivuli changu. Mnataka niseme nini?

Misumari ilitoka kwa shida, mmoja ulipinda, Profesa akataka kuunyoosha akaambiwa asiguse. Mama Birika alihamisha jiko na birika lake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mfuniko ukabaki peke yake juani, chuma cha duara chenye kutu. Mjomba akaupangusa kwa kiganja. Akaileta ile ndoo, akamwaga vitu vyetu pembeni, akaigeuza juu ya mfuniko, akaiweka jipiesi juu ya ndoo, uso wake unatazama mbinguni. Halafu tukavuka wote, tukajipanga ng'ambo tukiwa tumeegemea ukuta wa duka, kama wanafunzi waliochelewa. Hata yule wa nusu kichwa alitoka na shuka shingoni akajipanga nasi.

Dakika ya pili Profesa akafungua mdomo, Mama Birika akamtazama, akaufunga. Dakika ya sita Mjomba akanyata kwenda kuchungulia kwa mbali, shingo mbele na mwili nyuma.

Mjomba: Kumi na mbili.

Akarudi. Tukasubiri. Nilijikuta nabana pumzi, mimi, ambaye nimewahi kucheka mazikoni.

Mjomba: Tisa.

Tukasubiri tena. Lori la kifusi likapita, Mzee Rivasi akamwashiria dereva asisogee karibu, na dereva akatii bila kujua kwa nini.

Mjomba: Sita.

Mimi: Inakuja.

Haikuja. Tulisubiri dakika nne nyingine, ikawa saba, ikarudi sita, ikakaa hapo kama imejengewa. Dada wa Rola akatazama juu, ghorofa upande huu na ghala upande ule, na kamba nyembamba ya mbingu katikati.

Dada wa Rola: Ni kuta. Nyingine ziko nyuma ya jengo. Hapa ndiyo mwisho wake.

Profesa: Ivute basi. Hatua nne tu kuelekea barabarani, itakuwa tano. Hatua nne si golini.

Mjomba alikuwa ameshafika kwenye ndoo. Alisimama akiitazama namba. Hatua nne. Nilimwona anazipima kwa macho, na sitamlaumu, hata wewe ungezipima.

Mjomba: Koki iko hapa.

Akabonyeza. Kisha akatoa fomu, akaigeuza upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu, akaandika kwa herufi kubwa: KOKI 12, MITA 6. Akanitazama.

Mjomba: Chaji, simama kwenye kona ya kinyozi. Njoo kwangu kwa hatua za kawaida, hesabu kwa sauti. Halafu utatoka kwenye lango la ghala. Mtu atakayechimba, setilaiti ikimdanganya sita, ukuta haumdanganyi.

Nikahesabu. Kumi na moja kutoka kona, kumi na tisa kutoka langoni, akaandika zote. Mzee Rivasi akamchukua Profesa wakatangulia kwenye koki ya kumi na moja kuondoa kifusi juu ya mfuniko na kufukuza watu. Mama Birika akasema atalinda bati. Yule wa nusu kichwa akauliza yeye je, Profesa akamwambia avae kofia. Saa ilikuwa tisa na nusu. Zilibaki kumi na moja za kurudia, na nyingine ziko kwenye vichochoro vyembamba kuliko hapa petu, ambako nilijua, na Mjomba alijua, hata sita tutaiona kwa bahati.

Dada wa Rola alimalizia kahawa yake amesimama. Alitazama maandishi yale nyuma ya fomu, kisha akamtazama Mjomba, na akauliza kwa upole, kama anaogopa kujibiwa.

Dada wa Rola: Baba, na ofisini wakiikataa hiyo sita?

Mjomba aliinua ndoo, akaning'iniza jipiesi shingoni, akaanza kwenda. Nami nikamfuata. Tulipofika kwenye mfuniko unaofuata akasimama, nami, bila kuambiwa, nikaenda kwenye kona ya nyumba iliyo karibu, nikaweka kisigino ukutani, nikaanza kuhesabu.